Nilianguka Kwenye Pumba, Sikuangusha Akili

Jumanne. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi na hakuna hata tone. Nimeamka na hasira, na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameitisha kikao cha ukoo kesho saa kumi. Ajenda ni kichwa changu. Anasema dawa za presha zinaninyima damu ya ubongo, kwa hiyo mashine yangu ya kusaga hapa Mabatini akabidhiwe mwanawe.

Mashine niliyoinunua mwenyewe. Yeye hajawahi kuibebea hata debe moja la mahindi.

Yalianza mwezi uliopita. Nilikuwa nimechuchumaa nafunga gunia, nikainuka, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa kwenye pumba mbele ya wateja. Naye alikuwepo.

“Shemeji, hizo dawa zinakumaliza akili. Achana nazo.”

“Zimenimaliza, ila nakumbuka uliahidi kuja kupanga magunia tangu Pasaka.”

Wateja walicheka. Mimi nilibaki na hofu. Kila nikisahau jina la mtu, nilijiuliza kama ndiyo akili imeanza kuisha.

Basi nikafanya ninachokijua mashineni: kupima na kuandika. Nilinunua kipimo cha presha, nikapima siku kumi na nne, nikiwa nimekaa, kisha nikisimama, nikaandika. Siku kumi na mbili, nikisimama, namba ya juu haikupungua kwa zaidi ya kumi. Siku mbili iliporomoka, kutoka 138 nimekaa hadi 104 nimesimama.

Jana daktari alisoma daftari, akauliza siku hizo mbili nilifanya nini.

Hapa nakiri. Nilikuwa nimesahau kidonge siku iliyotangulia, nikameza viwili kufidia. Hata siku ya pumba nilifanya hivyo. Kwetu mashineni, gunia lililolala jana linasagwa leo pamoja na la leo.

“Mama, kidonge si gunia,” alisema. “Cha jana kimepita. Meza cha leo tu.”

Akanieleza kwamba mishipa ya ubongo hujitanua na kujibana yenyewe ili damu ifike. Dawa ukiimeza ulivyoandikiwa, kwa kawaida ubongo haukosi damu. Presha ya juu ndiyo inayoiharibu mishipa hiyo, polepole, mpaka kiharusi. Lakini presha ikishuka mno, ukainuka ghafla, damu huchelewa kichwani kidogo, ukaona giza.

Kosa ni langu. Si la dawa.

Ningeweza kulificha. Shemeji akisikia nilisahau vidonge, atapiga meza: si niliwaambia?

Sitaficha. Kesho nitasoma daftari lote, na siku zile mbili nitaanza nazo. Acheke. Akimaliza kucheka nitamfunga kipimo mkononi mbele ya ukoo mzima, maana hajawahi kupima maishani mwake, tusikie na yeye ana ngapi.