Watu Sita Ninaowajua kwa Viti Vyao

Jumamosi, Jinja. Mvua imekatika, jua linachoma.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, nilipoteza meza yangu. Nilifika kwenye chumba chetu cha kazi cha pamoja, Mbale mjini, nikakuta kufuli jipya na karatasi mlangoni: kimefungwa kwa muda. Muda gani, hawakuandika.

Leo ni siku ya kumi na tatu. Nimezihesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu. Ninapanga takwimu za vikundi vya wakulima wa kahawa: magunia, kilo, unyevu. Nilijifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, hakuna aliyenishika mkono. Sasa ninafanyia kazi kitandani, nyumbani kwangu Namatala, pembeni mwa Mbale, uso ukutani. Jumanne, kutwa nzima, nilisema na mtu mmoja tu, muuza chapati. Maneno matatu: mbili, zifunge, asante.

Ndipo nikasikia kwamba Jinja kuna mkutano kuhusu vyumba vya kazi vya pamoja na jumuiya zake, na msemaji ni Bwana Waiswa, mwenye chumba chetu. Simu zangu hapokei. Nikajiambia, akiwa na kipaza sauti mkononi hatanikimbia.

Viti arobaini, watu ishirini na tisa, wote wanajuana. Wanakumbatiana, wanapokezana vikombe. Mimi nilikaa karibu na mlango na begi langu mapajani.

Kama mkutano wowote wa kwetu, hakuna kilichoanza kabla kila mtu hajasimama kujitambulisha: jina, unatoka wapi, unafanya nini, halafu makofi. Leo waliongeza jambo la nne: taja watu watatu unaofanya nao kazi chumba kimoja.

Nikasimama, nikasalimia kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, lugha ambayo huku Uganda wengi wameizoea vinywani mwa askari. Mwanamume mmoja wa nyuma akainua mikono juu: "Afande, sisi hatujafanya kosa!"

"Tulia bwana," nikamwambia, "leo sijaja kukamata mtu."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mtu kati ya watu.

"Haya dada," akasema mwongozaji, "tutajie watatu wako."

Nikawahesabu kichwani.

Yupo wa kiti cha dirishani, anayekohoa kabla ya kupiga simu. Yupo mama wa karibu na soketi, anayechora ramani za nyumba. Yupo yule wa pembeni anayevua viatu akipata kazi ngumu. Tuko saba mle ndani, miaka mitatu sasa. Sijui jina hata moja.

Kwetu kuna sheria moja: ukivaa hedifoni masikio yote mawili, usisemeshwe. Sikio moja, waweza kuulizwa jambo dogo. Mimi nilivaa yote mawili kila siku, tangu asubuhi mpaka jioni. Na niseme ukweli, mara nyingi hakukuwa na muziki.

Nilikuwa nawasikiliza wao.

Nilidhani nimekodi meza, umeme na mtandao. Hayo ndiyo niliyokuwa nayahesabu.

Nikakaa. Wakanipigia makofi hata hivyo, na makofi yale yaliniuma.

Kisha Bwana Waiswa akasimama, akaonyesha ukutani picha ya chumba chetu, migongo saba, akasema, "Hii ndiyo familia yetu ya Mbale." Familia! Nikanyoosha mkono: kitafunguliwa lini? Akatabasamu. "Dada yangu, hilo tutaliongea kando." Nilimngoja kando kwa dakika arobaini, mpaka mama anayekusanya vikombe akaniambia bwana yule alishatoka kwa mlango wa nyuma.

Kundi la simu la chumba chetu lipo. Nilijitoa wiki ya kwanza kabisa, eti kelele. Anayeweza kunirudisha ni yeye peke yake, na namba za wale sita anazo yeye.

Bwana Waiswa, ukurasa wangu huu wa mtandaoni unausoma, uliwahi kuusambaza mwenyewe. Basi soma na hili. Wanale, hapo hapo Mbale, kuna mama mwenye chumba kitupu, kina umeme, meza saba zinaenea. Amenishikia mpaka Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Kwa ajili yangu peke yangu sikitaki. Upweke ninaujua tayari, nimeufanyia majaribio siku kumi na tatu.

Sitaki hotuba, wala sitaki samahani. Chumba cha Mbale kitafunguliwa, ndiyo au hapana? Kama ni hapana, nirudishe kwenye kundi niwaulize wale sita majina yao, kisha niwaulize kama watakuja Wanale.

Nijibu hapa hapa, mbele ya watu, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.