Tone Moja la Javel

Honorine, Préfet Katsuva, mkuu wa shule yetu, amenicheka mbele ya walimu wote. Na kosa la mwisho lilikuwa langu, ndilo linaloniuma.

Unamjua Jemima, mwanafunzi wangu. Katika mtihani aliandika kwamba chlore inafukuza iode kutoka kwenye chumvi yake, kwa kuwa chlore iko juu ya iode katika safu ya halojeni na inanyakua elektroni kwa nguvu zaidi. Ni sahihi kabisa. Katsuva, aliyesahihisha mtihani huo, akampa sifuri, na kwa sifuri hiyo atarudia mwaka.

Sababu yake? "Iode iko muzito. Kitu ya mwepesi itafukuza muzito namna gani?" Muzito! Na huyu amefundisha kemia miaka tisa.

Nikaleta kwenye kikao cha walimu glasi yenye iodure ya potasiamu, chumvi ya iode, na maji ya unga wa muhogo, ambayo iode huyageuza bluu. Tone la Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo yenye chlore, ikawa bluu: iode imetoka. Lakini kwa hasira nikamimina Javel nyingi. Chlore iliyozidi ikaigeuza iode kuwa kitu kisicho na rangi. Bluu ikapotea.

"Madame Viviane, chlore yako imekimbia!" Katsuva akapaza sauti, na wote wakacheka. Nilieleza, hakuna aliyesikiliza.

Jemima alikuwa mlangoni akingoja hukumu. "Muzee Préfet, niachie nijaribu. Tone moja tu."

Glasi mpya, tone moja. Bluu. Ikabaki bluu.

Katsuva hakumtazama. Aliniambia mimi: "Weye, usigusake tena Javel ya masomo."

Kisha akafuta sifuri.