Mguso Aliouficha Mzee Carlo

Jumatatu, 1 Machi 1993
Mazoezi ya viungo na Mzee Carlo hapa wodini, saa tatu, kama kila siku. Mkono wa kulia bado umelala. Vidole baridi. Alikuja kutoka Italia kufunga mashine za barafu kwenye kiwanda kipya cha samaki Nyakato, kiharusi kikamkuta kazini. Leo kanitukana Kiitaliano. Nimechoka naye.

Alhamisi, 4 Machi
Mpwa wake, Paolo, kafika kutoka Italia na picha. Sikuamini. Huyu mzee tunayemshika mkono kwenda chooni alikuwa bingwa wa nchi yao kwenye mchezo wa upanga, ule mwembamba usio na makali. Mavazi meupe, uso ndani ya wavu. Watu wamembeba mabegani. Mji wao unajenga ukumbi wa michezo, utaitwa jina lake. Paolo kaja kumchukua kwa sherehe. Wodi nzima ilikuja kutazama picha. Mzee akageukia ukutani.

Jumatano, 10 Machi
Kaniambia. Sikumwuliza. Enzi zao hakukuwa na mitambo ya kuhesabu. Waamuzi walitazama kwa macho tu, na aliyeguswa alipaswa kusema mwenyewe. Fainali, wamelingana, pointi ya mwisho. Upanga wa Sandro, rafiki yake, ukamgusa chini ya titi, akanionyesha. Waamuzi hawakuona. Akanyamaza. Mara yeye akamgusa Sandro, akawa bingwa. Sandro hakufika fainali tena.

Nikasema, "Mzee, hayo yamepita. Nyamaza uheshimiwe."

"Mama Neema, nimenyamaza miaka arobaini."

Nimeona haya.

Jumamosi, 13 Machi
Barua kwa Sandro. Mzee hawezi kuandika, mimi Kiitaliano sijui. Alitaja herufi moja moja, nikaandika. Ukurasa mmoja, asubuhi nzima. Kisha nakala, ya wakuu wa mji wao.

Paolo akaingia, akasoma. Akanifokea mimi. Mzee hakunitafsiria. Nilielewa.

Alhamisi, 18 Machi
Paolo kaondoka peke yake. Mzee alikataa kwenda. Simu imepigwa kwao, wameambiwa yote: ukumbi hautaitwa jina lake tena. Picha zote zimerudi Italia.

Naogopa. Sandro asipojibu, mzee huyu atakufa hana sifa wala rafiki. Na mwandiko ni wangu.

Jumapili, 11 Aprili
Pasaka. Hakuna barua. Mzee hali chakula vizuri. Sikuimba kanisani.

Ijumaa, 30 Aprili
Jibu limekuja. Alisoma mara mbili. Akanitafsiria polepole, kwa Kiswahili chake cha kiwandani: "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja uniambie."

Alilia. Nikafunga pazia, wenzake wasimwone.

Baadaye akasema kuna maneno mengine chini. Sandro anataka kuja mwezi wa sita. Anauliza kama huku ziwani kuna baridi.

Nikamwambia baridi ya asubuhi ipo, kidogo. Aje na sweta.