Spelvin Hakuwa na Mke

New York,
12 Oktoba

Mpendwa Dada Harriet,

Niwie radhi kwa kimya changu tangu Pasaka. Sikuugua, nilikuwa nimefura kwa hasira, nami sikupenda kukuandikia katika hali hiyo. Natumai goti lako linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa, na kwamba mwanao Wesley na watoto wake hawajambo.

Nilialikwa kutazama filamu ya makala kuhusu "Ngazi za Nyuma", mchezo wa zamani uliothubutu kuwaonyesha jukwaani wanaume wawili wapendanao bila kuwafanya kichekesho. Mtengenezaji wake ni Bi. Kendra Voss, binti mwenye adabu na haraka. Filamu inadai kwamba George Spelvin, aliyeigiza mmoja wa wapenzi hao wawili, alikuwa mume wa mtu, akabusu kwa ajili ya mshahara, kisha akatoroka kwa aibu.

Uzushi mtupu. Mwigizaji yeyote wa hapa anajua kwamba Spelvin si mtu. Ni jina linaloandikwa katika programu ya onyesho mwigizaji asipotaka kujulikana.

Taa zilipowashwa nilimweleza hayo Bi. Voss, tena kwa ukali. Akaniuliza, "Sasa babu, alikuwa nani?" Nikaanza kutafuta kofia yangu. Milton, fundi wetu wa taa wa enzi zile, akacheka: "Mwambie, Lionel. Au unamwogopa mkeo?"

Dada, ni mimi. Sikuwa nikiuza bima kama mlivyoamini. Nilijificha kwa sababu marehemu Amos wako alikuwa akingojea kupewa kanisa, na wazee wake wasingempa mtu mwenye shemeji kama mimi. Niliyembusu kila jioni ni Curtis, yule uliyemfumia sweta ukidhani ni mpangaji mwenzangu. Tuliishi pamoja hadi nilipomzika. Sikumwonea aibu hata siku moja, na leo wananipachika mke na kumfuta yeye.

Bi. Voss atakirekebisha kipande kile iwapo nitakaa mbele ya kamera na kutaja jina langu kamili. Najua kwamba Wesley ndiye anayehubiri sasa mahali pa baba yake, na kwamba waumini wake watalisikia jina hilo. Hilo tu ndilo linalonizuia.

Wasalimie wote, Wesley hasa. Nitakuandikia nikishaamua. Suti nimekwisha kuipeleka kwa dobi.

Nduguyo akupendaye,
Lionel Prewitt