Mstari wa Kumsalimu Mama

Juba, Novemba 1979

Kaka Lodu,

Sisi tuliobaki ni wazima. Simsim imekubali mwaka huu, na bado nauza mafuta yake sokoni Konyo Konyo.

Barua yako ya mwisho uliyoiandika kwa mkono ilisema huko chuoni mmefundishwa kuandika amri katika faili mara moja tu, kisha kompyuta inazifuata na kuchapa kila mwezi bila kuambiwa tena. Tangu hapo barua zako huja zimechapwa, maneno ni yale yale, tarehe tu ndiyo hubadilika. Nikajua ni lile faili. Mama alikuwa akipapasa karatasi na kusema, "Mwandiko wake umekuwa mzuri." Nami nikamsomea tena.

Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba tumemzika. Barua zako bado zinakuja, na zote zinasema, "Msalimu Mama, asichote maji mtoni mwenyewe."

Najua masomo ni magumu. Lakini lifungue faili hilo, utafute mstari wa Mama, uufute wewe mwenyewe. Siku ya mazishi kila mtoto alitupa udongo wake kaburini. Kuufuta mstari huo kutakuwa udongo wako.

Dada yako,
Kiden