Mashada ya Magnolia kwa Wazee Kumi na Wanane

Mpendwa mama mkwe,

Leo nimepita mbele ya nyumba ya yule mzee jirani yetu, nikakuta magnolia yake imechanua tena, maua meupe makubwa kama mabakuli, nikacheka peke yangu barabarani. Desemba ya mwaka jana imenirudia yote kwa mpigo, hata nimekaa kukuandikia kabla sijavua viatu.

Ulikuja Sydney kwa miezi mitatu tu. Ulitoka Nyeri kuja kumlea Wambui, mjukuu aliyepewa jina lako, ili mimi nirudi kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi uliofuata mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona. Ndege yako ikafutwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Harusi ya binti yako wa mwisho uliitazama kwenye simu, umeketi kitandani kwetu na kitenge chako kipya, na picha ikakwama kabla ya pete. Hatukugombana, mimi na wewe, ila tulikuwa tunakwepana. Ukiingia jikoni, mimi natoka. Mimi Mtaita, wewe Mkikuyu, lugha yetu ya pamoja ni Kiswahili, na tulikitumia kuulizana chumvi iko wapi.

Mpaka siku ile niliposema mezani, nikimwambia mwanao Kamau zaidi kuliko wewe, kwamba wazee wangu wa kazini hawataruhusiwa wageni Krismasi, na hata mashada ya milangoni mwaka huu hayakuletwa.

Ukashtuka. "Mashada? Nani amekufa?"

Kamau alicheka mpaka akapaliwa. Nikakueleza kwamba huku shada si la kaburini tu, Krismasi watu hulitundika mlangoni kwa furaha.

"Wazee wako ni wangapi?" ukauliza.

"Upande wangu? Kumi na wanane."

"Na Krismasi ni lini?"

"Ijumaa, Mama."

Kesho yake nilikuta kibaraza hakina pa kukanyaga. Ulikuwa umemwona jirani akipogoa mti wake, ukamwendea na neno lako moja la Kiingereza, "plizi", ukarudi umembeba Wambui mgongoni na gari lake la kusukuma limejaa matawi. Majani yale, Mama! Juu yanang'aa kijani kama yamepakwa mafuta, chini ya kahawia, laini kama ngozi ya ndama. Kamau akakunja henga za waya za kutundikia nguo zikawa duara, na sisi tukaanza kufunga majani matatu matatu, kila fungu likificha vikonyo vya lililotangulia.

Shada langu la kwanza nililiona zuri sana. Wewe ukalichukua, ukalifungua lote.

"Nimekosea nini?"

"Majani yako yanatazamana kama watu wanaogombana. Yote yaende upande mmoja."

Nikashindwa kujizuia. "Mama, hakuna ninachofanya kikakupendeza."

Mikono yako, iliyosuka viondo tangu ukiwa msichana, ikasimama. Ukanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ufike.

"Siyo wewe niliyekukasirikia," ukasema. "Ni ile ndege. Nimekumwagia wewe kwa sababu ndiwe uliye karibu."

Tukalia, halafu tukacheka kwa sababu Wambui alikuwa ameanza kula jani. Ukashika vidole vyangu na kuvizungusha na ule waya mpaka vikaelewa. Siku zilizobaki tulikimbizana na kazi kama wanafunzi kabla ya mtihani. Ukanisimulia ulivyokuwa ukimwogopa mama mkwe wako mwenyewe, hata ukijificha nyuma ya ghala. Nilicheka mpaka nikajichoma na waya.

Alhamisi tukapakia yote kumi na manane kwenye gari. Mkuu wetu wa kazi akasema kutoka nje hakiingii kitu, ila tukivaa barakoa tunaweza kuyatundika uani, upande wa nje wa madirisha. Tulipofika dirisha la tatu, yule bibi ambaye hulalamikia kila chakula akaja na rangi ya mdomo mbichi, akagonga kioo, akamwonyesha Wambui kwa kidole. Ukamwinua mtoto juu. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo, Wambui naye akaweka chake.

Hapo ukavuta barakoa chini ya kidevu ukapiga vigelegele! Sydney nzima ilisikia. Vichwa vyeupe vikatokea madirishani, wakapiga makofi, babu mmoja akainua bakora yake juu. Mkuu akaja mbio kukuambia urudishe barakoa, naye mwenyewe anacheka.

Ulipoondoka Aprili, nyumba ilipwaya. Wiki hii nimeyafunga mashada peke yangu, na mwenzangu kazini akaniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu, "Mama yangu." Sikuona haja ya kuongeza neno.

Sasa sikiliza: mipaka imefunguliwa na Kamau amepata tiketi. Jumamosi ijayo tunatua Nairobi, sote watatu! Wambui sasa anakimbia kweli kweli. Ukimwona anatoka uwanjani, tafadhali simama tu ulipo. Mwache yeye akukimbilie.

Tuonane salama, Mama.

Mkaza mwana wako,
Mama Wambui