Tumbo la Karani na Ule Mpaka Uliokuwa Ukiukagua

Tata,

Nakuita hivyo hivyo kama nyumbani, si Baba, ila barua yenyewe naiandika kwa Kiswahili, kama tulivyozoea nilipokuwa chuo cha ualimu. Wakati ule ulisema Kiswahili kitanisaidia kazini. Leo kinanisaidia kwa sababu Mama anasoma Biblia ya Kigusii tu, na humu ndani kuna mambo ambayo sijui kama anapaswa kuyasoma.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike hapo nyuma ya migomba. Mama hajambo. Chai imechipua vizuri tangu mvua irudi, na yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike. Paa la jikoni linavuja pale pale uliposema utaziba kesho. Mama bado ananikumbusha kile kikombe cha kijani anachodai nilikipoteza mtoni nikiwa darasa la sita, kwa hiyo ujue afya yake ni nzuri. Lakini sikuketi niandike habari za paa na vikombe. Nakuandikia habari za Karani.

Ulimleta ndani ya koti, miezi miwili kabla hujaugua, akiwa hajajaza hata kofia. Ukasema aitwe Karani kwa sababu ulipompitisha kituo cha majani chai alikaa chini ya mizani akamkagua kila mtu usoni. Mama hakutaka mbwa. Ukamwambia ni wa kulinda kuku. Tata, kuku ndio wanaomlinda yeye.

Sasa Karani anahara. Alianza siku chache baada ya mazishi, tukasema ni matumbo ya ng'ombe wa msiba, maana kila mgeni alimtupia kipande huku akifuta machozi. Tukangoja. Wageni wakaisha, nyama ikaisha, Karani akaendelea. Siku mbili tatu mzima, anaruka ruka. Kisha tena namkuta nyuma ya ghala amejikunja, masikio yamelala, ananitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Mama akamchemshia maji ya ndizi mbichi. Baba Mdogo Nyakundi yeye akasema si tumbo hilo, kuna mtu amemwekea kitu kwa kuwa ni mbwa wa marehemu. Akaja na majani yake machungu yaliyotwangwa, akamkamata taya, akamnywesha. Karani alimeza dawa pamoja na ngozi ya kidole cha Baba Mdogo. Tangu siku hiyo anayetembea na kitambaa kidoleni ni daktari mwenyewe, na habari za uchawi zimesimama kwanza.

Siku ya josho nikamvizia bwana mifugo kabla hajawasha pikipiki. Aliniuliza kama mbwa anapewa maziwa, kwa sababu watoto wa mbwa wengi maziwa mengi huwaharibu. Nikainua mkono kabisa nikaapa kwamba nyumbani kwetu maziwa ni ya watu na ndama. Akaniambia nimkalishe siku moja bila chakula, maji yasikosekane, kisha nimpe uji mwepesi wa wimbi wenye chumvi kidogo, mara nne kwa siku. Halafu akasema, kwa kuwa mimi ni mwalimu, niandike kinachoingia na kinachotoka.

Basi nikafungua daftari. Unanijua, nikiandika naandika. Jumatatu: maji maji, rangi ya udongo wa njia ya Sironga. Jumanne: afadhali. Jumatano: kama uji wa mgonjwa. Wiki ya pili, kwa haraka za asubuhi, nilikusanya madaftari yangu ya maandalio nikayapeleka kwa mwalimu mkuu, na la Karani likiwa katikati. Lilirudi mchana na sahihi yake kwa wino mwekundu: "Nimeona. Endelea hivyo hivyo." Mpaka leo sijui kama alisoma.

Mambo yaliharibika Jumatatu moja Mama alipoanika wimbi kwenye ngozi uani. Sitakueleza Karani alilifanyia nini. Debe zima la wimbi likaenda kwenye mashimo ya migomba, na Mama hakupiga kelele, ndipo nikajua tumekwisha. Alisema tu kwamba shule zikifungwa, Karani aende kwa mjomba kule Nyamarambe. Wewe unawajua mbwa wa mjomba. Wanafukuza nyani mahindini mchana kutwa na wanakula wanachoiba. Mbwa mwenye tumbo hili hawezi kumaliza mwezi kule.

Nikasema sawa, Mama. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka nikapata kwikwi. Siku ya mazishi yako sikulia hivyo, maana siku ile nilikuwa nagawa sahani. Huyu mbwa ndiye kitu cha mwisho ulichobeba kwa mikono yako mpaka nyumbani. Koti lenyewe alilichukua Baba Mdogo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifungwe. Nikalisoma lile daftari tangu mwanzo, ndipo nikaona nilichopaswa kukiona zamani. Alhamisi alikuwa mzima. Ijumaa mzima. Siku ya Sabato tulipokuwa kanisani alibaki kwenye kamba, mzima kabisa. Jumatatu zote ni msiba. Basi ubaya ulikuwa Jumapili, siku ambayo sisi Wasabato tumeinama kwenye chai na hakuna anayemwangalia mbwa.

Jumapili iliyofuata nikajifanya nachuma mistari ya juu. Wakatoliki waliposhuka kutoka misani, Karani akainuka, akajinyoosha, akashika njia kupitia migombani. Hakunusa kitu, hakusita. Nikamfuata na kikapu mgongoni. Akapita mtaro, akapita ule mti wa mpaka, akaingia kwa jirani yako Mzee Onchiri kama anaingia kwake.

Tata, miaka yangu yote uliniambia Jumapili alasiri unaenda kukagua mpaka na Onchiri. Mpaka ule umekaguliwa kuliko mpaka wa nchi, na haujasogea hata unyayo. Sasa nimeuona. Una viti viwili vya miguu mitatu, uko nyuma ya jiko la Onchiri pasipoonekana kutoka barabarani, na katikati yake kuna birika.

Wewe, mzee wa kanisa. Wewe uliyesimama mbele yetu ukasema chai ni mali ya kuuza, si ya kunywa, inachemsha damu. Tangu tulipopata miche baada ya Uhuru tumechuma majani kwa mvua na kwa baridi, tukapeleka kituoni, tukarudi nyumbani tukanywa uji. Nimesimama pale kwenye mgomba na kikapu, nimemwona Onchiri akimimina chai nzito ya maziwa matupu, sukari vijiko vinne, kwenye kikombe cha kijani chenye pengo ukingoni. Kikombe changu cha mtoni. Nilichapwa kwa ajili ya kikombe kile, Tata, na wewe ulikuwepo, ukasema nijifunze kutunza vitu.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini Onchiri alikiweka kikombe kile juu ya kiti chako, akashika chake, akakaa akatazama migomba. Hakunywa. Alingoja kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuomba. Kisha Karani akasimama kwa miguu miwili akakinywa chote, mpaka kikombe kikalia kwenye mbao.

Onchiri aliponiona hakushtuka. Alisema, "Moraa, zamani baba yako alikuwa anamwachia mabaki tu. Sasa anakunywa kikombe kizima cha mzee." Nikamuuliza kwa nini anamimina viwili. Akasema, "Nikimimina kimoja, mkono unakataa."

Nikatua kikapu, nikakaa kwenye kiti chako, nikaomba kingine. Nacho nikakinywa. Moyo ulinipiga sana nikadhani ni dhambi, kumbe ni sukari. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nikwambie kwamba chuoni nilikunywa chai kila asubuhi, na zile barua nilizokuandikia kwamba nakunywa maji moto zilikuwa za uongo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Ni mwezi sasa. Kila Jumapili tunashuka pamoja, mimi na Karani. Namchukulia uji wake wa wimbi kwenye kopo, anaulamba chini ya kiti huku akinitazama kama mwizi wa mali yake. Kikombe nakinywa mimi. Daftari linasema Jumatatu nne mfululizo: imara. Nimelifunga.

Shule zilipofungwa nikamwendea Mama na maneno yangu yote nimeyapanga, kwamba mbwa amepona, asiende Nyamarambe. Mama alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua kichwa. Alisema, "Abaki. Mkaguzi wa mpaka hawezi kutembea peke yake." Akapepeta tena, kisha akaongeza kwamba Onchiri huweka sukari nyingi mno, na mimi niangalie meno yangu.

Kwa hiyo huenda barua hii ningeiandika tu kwa Kigusii.

Lala salama, Tata. Paa nitaliziba mwenyewe kabla ya mvua za vuli. Kikombe nimekiacha kule kule kwa Onchiri, ingawa ni mimi niliyechapwa. Na nakuahidi hili: Jumapili, Wakatoliki wakishuka kutoka misani, kiti chako hakitakaa kitupu na chai yako haitapoa.

Ni mimi binti yako,
Moraa